Barua ya wazi kwa wenye dhamana: bwawa la umma si anasa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya afya, elimu na michezo,
na kwa uongozi wa bwawa letu la kuogelea la umma.

YAH: KUFUNGWA KWA BWAWA NA KUACHWA KWA MAFUNZO YA KUOGELEA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kuogelea. Asubuhi nilikuwa nafundisha watoto wa shule, jioni watu wazima waliotoka kazini, na mchana, saa ambazo bwawa huwa tulivu, nilikuwa na kundi la wazee na wagonjwa walioshauriwa na madaktari wao wafanye mazoezi ya majini. Nasema "nilikuwa" kwa sababu bwawa limefungwa. Langoni pana kufuli na karatasi isemayo "Limefungwa kwa matengenezo". Haina tarehe, haina sahihi, na hatujaona fundi akiingia wala akitoka.

Sikukimbilia kuandika hadharani. Nilianza kwa barua ya kawaida, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na ikaishia hapo. Nikaandika ya kukumbushia. Nikapiga simu, nikaambiwa mchakato unaendelea. Nikaja mwenyewe, nikaambiwa mwenye faili yuko semina. Wazazi nao walikuja kwa wakati wao, wakapigwa danadana: michezo wanawaelekeza afya, afya wanawaelekeza elimu, elimu wanawarudisha michezo. Ndiyo maana leo nawaandikia nyote kwa pamoja, mbele ya watu, ili asipatikane wa kusema jambo hili halimhusu.

Kiini cha malalamiko yangu ni kimoja. Kwenye vitabu vyenu vya bajeti bwawa limeandikwa chini ya burudani, jirani na sherehe na matamasha, na fedha zikipungua burudani ndiyo ya kwanza kukatwa. Bwawa lilipaswa kuandikwa chini ya afya na usalama wa raia. Sababu zangu ni hizi.

1. Mmewanyima wagonjwa mazoezi pekee wanayoyamudu

Mtu akiingia majini hadi shingoni, maji humpunguzia takriban sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake. Mwenye kilo 80 anabaki kuibebesha miguu yake kilo nane hivi. Akisimama kwenye maji ya kiunoni, amepunguziwa karibu nusu. Hakuna mashine ya ukumbi wa mazoezi inayofanya hivyo kwa urahisi huu.

Katika kundi langu la mchana yupo mama ambaye magoti yake yote mawili yamesagika. Nchi kavu anatembea kwa mkongojo, hatua anaipima kwanza ndipo anaipiga. Ngazi ya bwawa anaishuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye bomba la kushikilia, akiguna kila kipandio. Maji yakifika kifuani uguno unakoma. Anaachia mkono mmoja, kisha wa pili, anakwenda hadi ukuta wa pili na kurudi huku anapiga soga na wenzake, mkongojo tumeuegemeza pembeni. Kazi anayoifanya nusu saa nzima pale, juu ya sakafu ingemshinda dakika ya pili. Tangu mfunge, mama huyu anakaa nyumbani. Asiyetembea anaongezeka uzito, na uzito ukiongezeka magoti yanazidi kusagika. Mtamwona tena, ila safari hii kwenye foleni ya hospitali, na huko bili inarudi kwenu.

Wepesi huo usiwadanganye mkadhani ni kuchezea maji. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Kila mkono unaovutwa na kila mguu unaopigwa unakutana na ukinzani, ukienda mbele au ukirudi nyuma, na mabega, mgongo, tumbo na mapaja vinafanya kazi kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hapo, maji yanabana. Kwenye kina cha mita 1.2 yanaikamua miguu kwa karibu milimita 88 za zebaki, kiasi kinachozidi kipimo cha chini cha presha ya mtu mwenye afya, ambacho ni kama 80. Damu na majimaji yaliyotuama miguuni yanasukumwa kurudi kifuani, moyo unajaa vizuri zaidi kwa kila pigo, na ndiyo sababu mapigo ya mtu aliye majini kwa kawaida huwa ya chini kuliko akifanya juhudi ileile nchi kavu. Wenye miguu inayovimba huhisi nafuu hiyo siku hiyohiyo. (Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri aongee na daktari kwanza, maana damu hiyo inayorudi kifuani kwa wingi inaweza kumlemea. Wanafunzi wangu wote huulizwa hili kabla ya kugusa maji.)

Ushahidi upo na mnaweza kuutafuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 uliwachukua watu wa zaidi ya miaka 50 wenye presha iliyoanza kupanda, wakaogelea kwa wiki 12, na kipimo cha juu cha presha yao kikashuka kutoka wastani wa 131 hadi 122. Mwingine, uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2016, ulifuatilia watu wazima zaidi ya 80,000 wa England na Scotland. Waliokuwa wakiogelea walionekana kuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 28 wa kufa kwa sababu yoyote, na kwa asilimia 41 wa kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, wakilinganishwa na wasioogelea. Mbishi atasema pengine waogeleaji walikuwa na afya njema tangu mwanzo, na ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa utafiti wa kufuatilia watu hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo. Atasema pia kwamba katika utafiti huohuo michezo ya raketi iliongoza. Kweli iliongoza. Lakini nionyesheni mwenye magoti yaliyosagika anayecheza tenisi.

Wenye pumu nao wamo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2013 yalikuta kwamba watoto na vijana wenye pumu iliyodhibitiwa wanayamudu vizuri mafunzo ya kuogelea, na kwamba uwezo wao wa mapafu na stamina unaongezeka. Hewa iliyo juu ya maji ina unyevu, haikaushi njia ya pumzi kama upepo wa uwanjani.

Sitatia chumvi. Kuogelea hakujengi mifupa kama kutembea au kunyanyua vitu vizito, kwa sababu uleule wepesi unaoyapumzisha magoti unainyima mifupa mzigo inaouhitaji. Ninawaambia wazee wangu hivyo, nao wanaoweza wanatembea siku nyingine. Ila kwa asiyeweza kutembea, maji ndiyo mlango.

Kwa kuwa nawaandikia viongozi, nitaje kiongozi. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39. Kuanzia mwaka 1924 alikuwa akienda Warm Springs, Georgia, kuogelea kwenye maji ya uvuguvugu. Maji hayakumrudishia miguu, lakini ndani yake aliweza kujisogeza kwa namna ambayo nchi kavu alikuwa haiwezi tena, na mwaka 1926 alipanunua mahali pale pakawa kituo cha kuwatibu wenzake waliopooza. Alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 1933 alijengewa bwawa humo humo. Mwaka 1970, zama za Rais Nixon, likafunikwa, na leo waandishi wa habari wanakaa juu yake wakiuliza maswali. Kwa hiyo tabia ya kuyafunga mabwawa haikuanza na ninyi. Tofauti ni kwamba lile lilikuwa la mtu mmoja.

2. Akili za watu mmeziacha nje ya hesabu

Mtu mzima anayeogopa maji, akiweka uso majini, kwanza kabisa anabana pumzi. Sekunde chache baadaye anahisi hewa imemwishia, anainuka akihema na kuapa kwamba nusura afe. Kumbe mapafu yamejaa. Kinachompigia kengele ni kaboni dioksidi inayojikusanya kwenye damu. Mwili hulilia pumzi kwa sababu ya hiyo, hata kama oksijeni bado ipo. Tiba yake ni kutoa viputo. Kipindi changu cha kwanza chote huwa ni viputo tu. Mwanafunzi amesimama kwenye maji ya tumboni, kashika ukingo, anainamisha uso, anatoa pumzi taratibu kwa pua na mdomo, anainuka, anavuta, anarudi. Mabega yaliyokuwa yamegota masikioni yanashuka yenyewe. Sijawahi kumwambia mtu "tulia" akatulia, viputo humtuliza.

Baadaye, akishajua kuogelea, mwendo ule unakuwa kazi nzima ya kichwa chake. Mikono mitatu, uso unageuka, pumzi moja, uso unarudi. Masikio yamezibwa na maji, macho yanafuata mstari mweusi chini, simu imebaki kwenye kabati. Watu wengi wa jioni hawaji kwangu kupunguza mwili. Wanakuja kwa sababu ile ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayeweza kuwapata. Usiku wanalala. Wameniambia hivyo wenyewe, na mmoja aliongeza kwamba mkewe ndiye anayemkumbusha kubeba miwani ya kuogelea.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mazoezi ya mara kwa mara hupunguza dalili za sonona na wasiwasi. Linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na linakadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho. Sidai bwawa ni tiba ya sonona kali. Mwenye hali hiyo anahitaji daktari. Nadai kwamba mahali ambapo mtu huyo angeweza kujipunguzia mzigo mapema, kabla haujawa wa daktari, mmeweka kufuli.

3. Watoto wanakufa maji

Hapa ndipo heshima yangu kwenu inapojaribiwa.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 pekee. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu ya wanaokufa hivyo hawajafika miaka 29, na robo ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi Aprili 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzuia vifo hivi na kuitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana duniani kote. Kukumbushana kunafanyika, hotuba zinasomwa. Mafunzo ndiyo hayaonekani.

Wengi wanadhani anayekufa maji hupiga kelele na kupunga mikono, kwa hiyo mtu aliye karibu atasikia. Anayezama kweli kwa kawaida hapigi kelele, kwa sababu mdomo unaotafuta pumzi hauna nafasi ya kuita. Anakuwa wima, kichwa kimelalia nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza maji pembeni kama anayetafuta ngazi. Mara nyingi hamalizi dakika moja. Mzazi aliyeketi hatua chache anaweza kuangalia upande ule na asijue anachokiona.

Stadi za kumwokoa mtoto huyo si za Olimpiki. Akianguka majini, ajue kugeuka, kulala chali na kuelea, kupata pumzi, kisha kurudi ukutani na kutoka. Shirika la Afya Duniani limependekeza watoto wa kuanzia miaka sita wafundishwe misingi ya kuogelea, usalama wa majini na namna ya kumwokoa mwenzao bila kuzama naye, yaani kumtupia kamba au kumnyooshea fimbo badala ya kumrukia. Hili la mwisho nalitilia mkazo, maana ndugu wawili kufa kwa pamoja, mmoja akimfuata mwenzake, ni habari mnayoisoma kila mara.

Na mafunzo yanafanya kazi. Bangladesh wana mradi uitwao SwimSafe. Hawakungoja mabwawa ya vigae. Walichukua madimbwi ya vijijini, wakajenga humo majukwaa ya mianzi yenye kuzuia mtoto asiende kwenye kina, wakawafundisha watoto wa kuanzia miaka minne hadi waweze kuogelea mita 25 na kuelea kwa sekunde 30. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kwamba vifo vya maji miongoni mwa waliopitia mafunzo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Ni chanjo gani mnayoijua yenye matokeo ya namna hiyo ambayo mngeiacha ghalani kwa sababu mwenye faili yuko semina?

Shule zilikuwa zikileta watoto kwetu. Ratiba ilikuwepo, basi lilikuwepo, walimu wao walikaa ukingoni wakihesabu vichwa. Kwanza vipindi vikapunguzwa, kisha vikawa vya "wanaopenda", kisha lango likafungwa. Darasa lililokuwa limefika kwenye kuelea chali limeachwa hapo hapo: watoto hawaogopi maji tena, na kuogelea hawajui. Yeyote anayefundisha kazi hii atawaambia kwamba mtoto wa aina hiyo ndiye wa kumhofia zaidi.

4. Anayefungiwa ni yule asiye na pengine pa kwenda

Mwenye uwezo hajaathirika. Ana hoteli, ana klabu, wengine wana mabwawa uani. Bwawa la umma likifungwa, kuogelea hakufi, kunabaki kitu cha wachache.

Mnamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 aliogelea mita 100 mtindo huru peke yake, baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya wakati, akatumia dakika 1 na sekunde 52.72. Dunia ilicheka kidogo na kushangilia sana. Jambo lililosemwa kwa uchache ni kwamba alikuwa ameanza kuogelea miezi michache tu kabla, kwenye bwawa dogo la hoteli, na kwamba bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza huko huko Sydney. Mapafu na mikono alikuwa navyo. Maji ndiyo alikosa. Baadaye akawa kocha wa waogeleaji wa nchi yake, jambo linalonifurahisha kuliko rekodi nyingi.

Wanawake wamefungiwa mara mbili. Hata bwawa lilipokuwa wazi, hawakuwa na saa zao, na waliokuja na mavazi ya kujisitiri mwili mzima waliwahi kurudishwa langoni kwa hoja ya "usafi", ingawa vazi lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea halichafui maji zaidi ya kaptula. Wenye ulemavu nao: kuogelea kumekuwemo kwenye Olimpiki ya walemavu (Paralimpiki) tangu ile ya kwanza ya Roma mwaka 1960, lakini bwawa letu halina hata kiti cha kumshusha mtu majini. Tulikuwa tukiwabeba mikononi. Wengine waliona aibu, wakaacha.

5. "Matengenezo" mnayoyafanya yanaliharibu bwawa

Niliposikia maji yametolewa ili "kupunguza gharama", nilishtuka kuliko siku ya kufungwa. Muulizeni fundi yeyote wa mabwawa. Bwawa tupu linasukumwa kutoka chini na maji ya ardhini bila kitu cha kuyazuia kutoka juu. Sakafu inaweza kupasuka au kunyanyuka. Vigae na saruji iliyovishika vinakauka na kuachia. Mipira ya kuzibia kwenye pampu inakakamaa. Mnaokoa klorini ya leo na kujinunulia ukarabati wa kesho. Kama ni lazima kufunga, bwawa huachwa na maji, pampu huwashwa kwa muda kila siku, na dawa huwekwa kidogo.

Hata kabla ya kufungwa, wafanyakazi hawakupewa vifaa. Kipimo cha maji ni chupa ndogo na matone. Unaangalia rangi, unajua klorini na asidi vimesimamaje, ni kazi ya dakika chache. Kipimo cha asidi ya maji (pH) kinatakiwa kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Matone yaliisha, hayakuletwa mengine, dawa ikawa inamwagwa kwa makisio. Watu wakaanza kulalamika kwamba bwawa linanuka klorini, mkajibu kwamba hiyo ni dalili ya usafi. Ni kinyume chake. Harufu ile kali inayochoma macho hutokana na klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo. Ni dalili kwamba watu hawaogi kabla ya kuingia na kwamba maji yanahitaji kutibiwa ipasavyo. Ndiyo harufu inayowasumbua wenye pumu pia, hasa kwenye bwawa la ndani lisilopitisha hewa. Wiki za mwisho maji yalikuwa ya kijani na tundu la kutolea maji halikuonekana chini. Kanuni ni kwamba usipoliona lile tundu, haingii mtu. Tuliwatoa watoto sisi wenyewe, hatukungoja barua.

6. Najua mtakachojibu

Mtasema fedha hazitoshi. Hakuna aliyeomba bwawa la Olimpiki. Upande wa kina kifupi peke yake, ukiwa na maji safi na mwokoaji mmoja macho, unatosha kwa kundi la wazee na kwa darasa la wanaoanza. Bangladesh walitumia mianzi.

Mtasema watu hawana mwamko. Tulikuwa na orodha ya wanaosubiri nafasi. Iko ofisini kwenu, niliiambatisha kwenye barua ya kwanza.

Mtasema maji ni hatari na hamtaki lawama mtu akizama. Maji yapo mkifungua msifungue. Kuna mito, maziwa, mashimo ya mchanga, matangi. Mtoto aliyezuiwa kwenye maji meupe yenye mwokoaji ataenda kwenye maji ya tope yasiyo na mtu, na katika mito na maziwa ya nchi nyingi za joto anaweza kupata na kichocho juu yake. Wanaosema "waende wakajifunze huko, kama sisi tulivyojifunza" ni wale waliorudi. Wasiorudi hatuwezi kuwauliza.

Ninachoomba

Kwanza, tarehe. Tangazeni kwa maandishi, ndani ya siku 30, bwawa litafunguliwa lini, nani anasimamia matengenezo na yamefika wapi. Kama upande mmoja unaweza kutangulia, utangulie wa kina kifupi.

Pili, bwawa lirudishiwe maji mara tu fundi atakaporidhika na sakafu, hata kama milango haijafunguliwa.

Tatu, mafunzo ya kuogelea na usalama wa majini yarudi kwenye ratiba za shule kwa watoto wote wa kuanzia miaka sita, na kipimo cha kumaliza kiwe kuogelea mita 25 na kuelea, si cheti cha mahudhurio. Darasa lililoachwa njiani lianze nalo.

Nne, waokoaji wenye mafunzo wawepo saa zote ambazo kuna mtu majini, na wasitumwe kukata tiketi wala kufagia wakiwa zamu. Matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe langoni kila siku, watu wasome wenyewe.

Tano, zitengwe saa za wanawake zenye wafanyakazi wanawake, vazi la kujisitiri liruhusiwe kwa maandishi, na kinunuliwe kiti cha kuwashushia walemavu na wazee. Saa za mchana za wagonjwa zirudi, na wizara husika iwaelekeze madaktari namna ya kuwaleta.

Sita, katika bajeti ijayo bwawa lihamishwe kutoka fungu la burudani kwenda fungu la afya. Ombi hili ndilo nitakalolifuatilia kwa karibu kuliko yote, kwa sababu hayo mengine mkiyatimiza bila hili, mwaka mbaya ukija tutaandikiana tena.

Kufundisha nitafundisha, na vipindi vya wazee nitavichukua bila malipo hadi utaratibu utakapokaa sawa. Wapo walimu wenzangu walionihakikishia hivyo pia. Nipo tayari kuitwa kwenye kikao chochote, saa yoyote mtakayopanga, mradi idara zote tatu ziwe kwenye meza moja.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa kuogelea

Nakala: Walimu wakuu wa shule zilizokuwa zikileta watoto, kamati za wazazi, vyama vya watu wenye ulemavu, kundi la mchana, kwa taarifa.